Nani Ameshika Kitufe cha Sauti?

Ndugu msikilizaji, redio ni mgeni wa ajabu. Huingia nyumbani kwako bila kubisha hodi, hukaa sebuleni na watoto wako, husikia mnayozungumza mezani, na alfajiri hukuamsha kwa taarifa ya habari. Mgeni wa namna hii huvumiliwa kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba asipige kelele. Akiwa anazungumza kwa upole, halafu ghafla akafoka kama mpiga debe wa kituo cha daladala, mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza kulikoni.

Katika kazi hii ya utangazaji hakuna lalamiko ninalolisikia mara nyingi kama hilo. Mtu husema: sauti ilikuwa ndogo, tukaongeza ili tusikie, mara ikalipuka, mtoto akaamka na jirani akagonga ukuta. Wako wanaolaumu redio, wako wanaomlaumu fundi aliyeitengeneza, na wako wanaotulaumu sisi wa studio. Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini ili kujua nani alaumiwe lini, yatupasa turudi nyuma, kwa sababu kelele hii ya ghafla ina umri unaokaribia ule wa redio yenyewe.

Tuanze Marekani katika miaka ya 1920, maana huko ndiko redio ilikoingia kwa wingi majumbani mwa watu wa kawaida. Redio za wakati huo zilikuwa za valvu, nazo zilihitaji mikono miwili na subira nyingi. Kituo cha mjini kilisikika kwa nguvu, na kile cha mbali kilinong'ona. Mtu aliyetaka kukamata kituo cha mbali usiku alifungua sauti mpaka mwisho, akaanza kutafuta polepole. Akipita bahati mbaya juu ya kituo cha mjini kwake, spika ilinguruma nyumba nzima ikashtuka.

Hata akishakipata kituo cha mbali, hakutulia. Sauti ilikuja na kwenda. Sababu yake ilithibitishwa Uingereza mwishoni mwa 1924, pale mwanasayansi Edward Appleton na mwenzake Miles Barnett walipotumia mtambo wa BBC wa Bournemouth kupima mawimbi usiku. Waligundua kwamba wimbi moja humfikia msikilizaji kwa kupita karibu na ardhi, na jingine hupanda angani, likagonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme, likarudi chini. Mawimbi hayo mawili yakifika kwa mwendo mmoja huongezana. Yakifika yakipishana huuana. Kwa kuwa tabaka lile halitulii, sauti nayo haitulii. Appleton alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1947.

Wazee wetu waliosikiliza masafa mafupi, iwe BBC, Sauti ya Ujerumani au Cairo, hawahitaji mwalimu wa somo hilo. Wanakumbuka msomaji wa habari aliyesikika kama mtu anayezungumza huku yumo katika bembea: mara yuko karibu na sikio, mara kapotea, mara karudi kwa kishindo, na mkono wa msikilizaji hauondoki kwenye redio.

Aliyeuondoa mkono huo ni kijana mmoja Mmarekani, Harold Wheeler. Mwanzoni mwa Januari 1926, akiwa na umri wa miaka 22, alibuni njia ya kuifanya redio ijidhibiti yenyewe. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Sehemu ndogo ya mawimbi yaliyopokelewa inageuzwa kuwa umeme wa kutoa amri. Mawimbi yakija kwa nguvu, amri ile huzibana valvu zisikuze sana. Yakija hafifu, huzilegeza zikuze zaidi. Ni kama mpishi mwenye jiko la mkaa: chungu kikitaka kufurika hupunguza moto, kikipoa huchochea. Mwaka 1929 kampuni ya Philco iliuza redio yake ya namba 95 ikiwa na chombo hicho ndani. Tangu hapo kifaa cha aina hiyo kikaenea, kikahamia kutoka valvu hadi transista, hata redio ndogo ya mkulima iliyofungwa betri kwa mpira ikawa nacho.

Nawaomba mkumbuke kasoro moja ya ubunifu huo, maana tutakutana nayo tena. Pale ambapo hapana kituo chochote, mpishi yule hudhani jiko limezimika, akachochea kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana unapohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwenye redio ya zamani, katikati yake hutoka mvumo mkubwa wa shaa, shaa. Mashine iliyoundwa ituepushe na kelele hukipandisha hata kimya chenyewe kikawa kelele.

Basi upande wa msikilizaji ukawa umetengenezwa. Sasa tugeukie upande wa pili, yaani studio.

Studioni sauti hupimwa kwa sindano inayocheza mbele ya mstari mwekundu. Mwaka 1939 mashirika ya CBS na NBC, pamoja na maabara za kampuni ya simu ya Bell, yalikubaliana juu ya kipimo kimoja cha namna hiyo, na kikaenea katika studio nyingi za dunia. Lakini sindano hupima umeme. Haipimi sikio. Katika maabara zile zile za Bell, mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson walikwisha kuonyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Besi nzito yahitaji nguvu nyingi ndipo tuisikie, bali sauti za juu kiasi, zile zilizomo katika kilio cha mtoto mchanga na katika herufi kali za maneno yetu, hutuchoma hata zikiwa na nguvu kidogo. Kwa hiyo vitu viwili vyaweza kuipeleka sindano mahali pamoja, kimoja kikawa mnong'ono na kingine ukelele.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 iliingia mashine ya pili studioni, nayo ni ya kubana sauti. Kusudi lake la kwanza lilikuwa jema. Sauti ikizidi kipimo huharibu matangazo, huingilia vituo jirani, na hata kuudhuru mtambo wa kurushia. Mashine ilikaa mlangoni kama askari, ikikata vilele vinavyozidi.

Ndugu msikilizaji, fikiria hotuba au wimbo kuwa ni nchi yenye milima na mabonde. Milima ni pale mzungumzaji anapopaza sauti, mabonde ni pale anapoishusha au anapovuta pumzi. Ukikata vilele vya milima, unapata nafasi juu. Ukishapata nafasi, unaweza kuinua nchi nzima, mabonde yakawa karibu sawa na milima. Sindano haivuki mstari mwekundu, sheria haijavunjwa, lakini sikio linasikia kituo kinachofoka bila kupumzika. Wenye vituo waligundua jambo hilo mapema. Msikilizaji anayezungusha redio akitafuta cha kusikiliza husimama penye sauti kubwa, na penye wasikilizaji ndipo penye wenye bidhaa za kutangaza.

Ikawa mbio. Mwaka 1959 maabara za CBS zilitoa mashine iitwayo Audimax, iliyosawazisha sauti ya kituo yenyewe bila mtu. Wabunifu wake waliijua kasoro ile ya mpishi niliyowaomba mkumbuke, wakaiwekea kizuizi ili mtangazaji anaponyamaza mashine isichochee kimya kikawa mvumo. Mwaka 1975 Robert Orban akatoa Optimod kwa ajili ya vituo vya FM, na jina hilo likawa maarufu katika vyumba vya mitambo vya nchi nyingi. Si mashine mbaya. Zikitumika kwa kiasi, dereva wa basi husikia taarifa ya habari juu ya mngurumo wa injini. Zikitumika kwa ulafi, msikilizaji huchoka baada ya nusu saa bila kujua kilichomchosha.

Waliofaidi kuliko wote ni watengenezaji wa matangazo ya biashara. Mchezo wa kuigiza una mabonde: watu wananong'ona, mlango unafunguliwa, mvua inanyesha. Tangazo la sabuni halina bonde hata moja. Limebanwa likawa tambarare, tena juu kabisa. Vyote viwili vimepita kwa sindano ile ile. Kwa hiyo mwananchi alipolalamika kwamba matangazo yana kelele, kituo kiliweza kumjibu bila kusema uongo kwamba kipimo hakikuzidi. Huko Marekani malalamiko ya aina hiyo yaliifikia tume ya mawasiliano ya serikali tangu miaka ya 1960, na kwa muda mrefu jibu likawa kwamba jambo hili ni gumu kulipima.

Kwetu Afrika Mashariki mbio hizo zilichelewa, maana kwa miaka mingi kila nchi ilikuwa na redio moja, ile ya serikali. Anayekimbia peke yake hana wa kumpita. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Tanzania ilipitisha sheria ya utangazaji mwaka 1993, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika Dar es Salaam. Kampala ilipata Sanyu na Capital mwaka 1993, na Nairobi ikapata Capital FM mwaka 1996. Wasikilizaji tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini uwanja ulipopata wakimbiaji wengi, na mbinu za mbio zikaja. Nimewahi kumsikia meneja mmoja wa kituo akimwambia fundi mitambo wake: sitaki tusikike vizuri, nataka tusikike kuliko jirani. Kwa maneno hayo machache alikuwa ameieleza historia ya miaka 60 ya redio duniani.

Muziki nao haukusalimika. Enzi ya santuri kulikuwa na breki ya asili: ukiichonga sahani kwa sauti kubwa mno, sindano huruka. Sahani za CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hazikuwa na sindano ya kuruka, na kufikia miaka ya 1990 kila mtoa muziki alitaka wimbo wake umzidi wa mwenzake. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilipotoa albamu ya Death Magnetic, mashabiki wake wenyewe walilalamika kwamba imebanwa mpaka sauti inakwaruza. Wapenzi wa muziki wa kelele walipolalamikia kelele, ilikuwa dhahiri kwamba mambo yamefika pabaya.

Je, mbio hizo zilipunguzwaje? Hapa ndipo lilipo somo la historia hii. Hazikupunguzwa kwa kuombana adabu. Kwa miaka mingi wakubwa wa vituo walihimizwa wawe waungwana, na aliyekubali alijikuta akisikika dhaifu mbele ya mwenzake. Zilipunguzwa pale faida ya kufoka ilipoondolewa.

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa njia mpya ya kupima, inayojaribu kusikia kama sikio linavyosikia, na inayotazama kipindi kizima badala ya kilele kimoja. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaweka kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti kwa vipindi na matangazo. Desemba mwaka huo huo Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyopelekwa bungeni na mbunge Anna Eshoo wa California, inayotaka tangazo la televisheni lisizidi kwa wastani sauti ya kipindi linamotoka. Ilianza kutekelezwa Desemba 2012. Baadaye huduma kubwa za muziki wa intaneti zikaanza kusawazisha nyimbo kabla hazijamfikia msikilizaji. Chini ya utaratibu huo aliyebana wimbo wake hafaidi kitu: mashine humshusha mpaka walipo wenzake, na kilichobaki ni wimbo tambarare usio na uhai.

Hata hivyo tusidhani vita vimekwisha. Sheria ile ya Marekani iligusa televisheni tu. Filamu za intaneti zilipoenea, matangazo yenye kelele yalihamia huko, hata mwaka 2025 jimbo la California likapitisha sheria nyingine kwa ajili yake. Kila mlango unapofungwa, kelele hutafuta dirisha.

Sasa tuje sebuleni kwako. Sauti imelipuka ghafla. Usikimbilie kwa fundi, wala usitutukane sisi wa studio kabla ya kupeleleza.

Jambo la kwanza, badilisha chanzo. Hamia kituo kingine, kisha weka muziki kutoka simu au flashi. Kama mlipuko hutokea kwenye kituo kimoja tu, au saa ya matangazo tu, chombo chako hakina hatia. Kwenye televisheni za vingamuzi jambo hili ni la kawaida, kwa sababu chaneli nyingi kutoka vyanzo mbalimbali hupita katika kisanduku kimoja. Ukiwa na filamu ambayo maneno hayasikiki na milipuko inatikisa madirisha, tazama mpangilio wa sauti. Mara nyingi filamu hiyo ilitengenezewa spika tano au zaidi, na maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna. Chagua sauti ya spika mbili, au mpangilio wa usiku kama upo. Huo ni ule ubanaji tuliousema, lakini safari hii wewe ndiye unayeuamuru.

Jambo la pili, kama mlipuko huja kwenye kila chanzo, zungusha kitufe cha sauti polepole. Ndani yake mna njia ya kaboni iliyopinda kama pete iliyokatwa kipande, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Vumbi likiingia, na kwetu pwani hewa ya chumvi ikishirikiana nalo, kidole kile hupoteza mguso kisha hukipata kwa ghafla. Utasikia mkwaruzo, sauti itakatika upande mmoja, halafu itaruka. Dawa yake ni kuchomoa waya wa umeme, kumpelekea fundi, naye apulize dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisha azungushe kitufe mara nyingi. Mafuta ya kupikia au ya cherehani si dawa. Hukusanya vumbi zaidi. Na kama sauti hubaki juu kabisa hata ukirudisha kitufe mwanzo, yaelekea waya wa kitufe hicho unaokwenda chini, yaani kwenye ardhi ya saketi, umekatika au risasi yake imeachia. Huo ni ufundi wa dakika chache, hivyo usikubali kuuziwa redio mpya.

Jambo la tatu, sabufa na redio za kisasa. Kwa nyingi kitufe chake kinachozunguka bila mwisho hakina kaboni. Hutuma hesabu ya kupanda na kushuka. Kikichakaa hukosea hesabu, ukishusha hupanda. Kagua pia rimoti ambayo kitufe chake kimekwama, na waya za kuunganishia zilizolegea, ambazo hutoa mngurumo wa ghafla. Ukiunganisha simu kwa bluetooth, kumbuka kwamba mna vitufe viwili vya sauti, kimoja kwenye simu na kimoja kwenye spika. Shusha vyote kabla ya kuunganisha.

Yako ya kupoteza kuliko usingizi. Kiwango kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU mwaka 2019 kwa vifaa vya kusikilizia kinasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 89, saa zako ni 5 tu kwa wiki nzima. Sikio likishaumia ndani halina kipuri Kariakoo wala Gikomba, na wa kwanza kulipa ni mtoto anayelala karibu na spika.

Historia hii basi ni ya swali moja: nani ameshika kitufe? Wheeler alitaka kiwe mkononi mwa msikilizaji, akakipa akili ili mkono upumzike. Wenye vituo na wenye bidhaa wakakishika upande wa pili. Wapimaji wa mwaka 2006 walikirudisha katikati, kwa kulifanya sikio la msikilizaji kuwa mizani. Nchi zetu zina mamlaka za mawasiliano zenye wataalamu, na kipimo cha ITU si siri ya mtu. Mwananchi anayelalamika ataje kituo, siku na saa. Lalamiko la namna hiyo linapimika, na kinachopimika hakijibiwi kwa kusema sindano haikuzidi.

Nasi tunaozungumza kwenye kipaza sauti tukumbuke kwamba tumekaribishwa. Mgeni mwenye jambo la maana husikilizwa hata akisema taratibu.

Hadi wiki ijayo, nawatakia utulivu majumbani mwenu.